Trei Moja ya Mayai

Kakuma, 9 Juni 2025

Mtoto wangu Akai,

Ejok? Huko Lodwar mko wazima? Mimi niko, isipokuwa mguu. Usishangae mwandiko. Simu iliharibika, na Mwalimu Gervais ametuma watoto wa darasa la tatu wasaidie wazee, wanatuandikia barua. Wangu ni Elyse, Mkongo, miaka tisa. Ananiambia nisiseme haraka.

Shida yangu ni moja, mayi. Tangu mguu uumie nakosa mayi kabisa. Nisaidie, lakini usianze tena mambo ya kunihamisha. Baba yako amezikwa hapa.

Mama yako, Atiir

Lodwar, 14 Juni

Mama mpendwa,

Ejok noi. Mguu unaendeleaje? Mwambie Elyse ameandika vizuri, herufi moja tu imempotea. Nimempa dereva Lokorio trei moja ya mayai. Lakini Mama, tangu lini? Si wewe uliyenifukuza nyumbani na yai langu la kuchemsha, ukisema kuku ni ndege tu kama kunguru? Labda daktari amekuambia, kwa ajili ya mfupa.

Ila kama hata yai unakosa, mimi sina raha. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua, uishi na mimi.

Binti yako, Akai

Kakuma, 20 Juni

Akai mwanangu,

Ejok. Mayai yamefika yote mazima. Nilikaa nikayatazama. Nilisema maji, Akai, maji ya kunywa. Kumbe kwao Kongo wanaita mayi. Elyse alilia mpaka kamasi (hataki kuandika hiyo, nimemlazimisha) akamweleza mwalimu. Kesho yake nasikia kelele nje: darasa zima, kila mtoto na chupa yake, wanamimina kwenye pipa langu. Wengine walikunywa yao njiani. Siku ya tatu likajaa, na bado wanakuja.

Mayai tuliwachemshia, wakala. Na mimi nimekula moja. Ukimwambia mtu nitakukana.

Hawa watoto nimewashukuru mpaka maneno yameisha. Usije kunichukua.

Mama yako

Lodwar, 28 Julai

Mama yangu,

Ejok noi? Barua yako niliisoma kazini, nikacheka, halafu nikalia, bosi akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni watoto wa darasa la tatu. Miaka miwili nimekuwa nikisema huko huna mtu. Nisamehe. Wape asante, kila mmoja kwa jina lake.

Ndiyo maana sikuja. Lakini sasa shule zinafungwa. Nani atakuletea maji Agosti? Na nani atakuandikia? Nisipopata barua kufikia tarehe kumi na tano, nakuja na gari tupakie vitu.

Binti yako, Akai

KAKUMA 11 AGOSTI

AKAI EJOK

NAANDIKA MIMI MWENYEWE. ELYSE ANANIFUNDISHA. SHULE IMEFUNGWA WATOTO HAWAJAFUNGA.

MAYI IKO.

KUJA KUSALIMIA TU. LETA MAYAI.

MAMA