Greda Lililozimika Ikuti

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kuamkia kwanza ndipo nieleze shida, na leo sina hata shida. Nina habari nzuri. Nimeirudia tangu Ijumaa mpaka Mama amechoka kunisikiliza, kwa hiyo nakuletea wewe.

Barabara yetu ya Ikuti inachongwa. Greda linalala uani kwa Bibi, na Bibi anamwambia kila mtu kwamba yeye, mama yako, ndiye aliyelipokea. Lusajo, yule kijana uliyemfundisha kazi, ndiye fundi wake. Kampuni ilikuwa bado inamjaribu. Jumatano greda likaanza kuzimika. Linawaka vizuri, linanguruma, likitembea hatua chache, kimya. Msimamizi akamwambia Lusajo kwamba likiwa halijatembea kufikia Ijumaa saa sita mchana, ataita fundi mwingine kutoka Mbeya, naye arudi kwao.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na Bibi kuwapelekea chai, maana shule imefungwa. Macho ya Lusajo yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshapima oili kwa kijiti, imejaa. Maji yapo, dizeli ipo. Alikuwa amefunga geji ya presha, na presha ilikuwa nzuri. Basi akaamua kwamba swichi ya presha ya oili, ile inayozima injini oili ikipungua nguvu, ndiyo mbovu. Alikuwa ameifungua, ana koleo mkononi na kipande cha waya, anataka kuunganisha moja kwa moja ili swichi irukwe.

Nilimkumbusha ulichokuwa ukisema. Akajibu bila kuniangalia, "Atu, baba yako hakuwa na msimamizi huyu."

Nikakumbuka ile Jumapili ya mvua, mimi na wewe barazani. Ulikuja na swichi kuukuu kama hiyo, ukaiunganisha na betri za tochi na balbu ndogo. Balbu ikawaka. Ukaniambia nisukume upepo kwa pampu ya baiskeli, na presha ilipofika, balbu ikazimika. Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni kutazama. Ukasema, "Hii ikizima injini, iamini kwanza. Ukiiruka, hakuna atakayekuambia oili imekwisha."

Nikaenda kwa jirani kuazima pampu. Lusajo aliniacha nijaribu kwa sababu hata yeye hakuutaka ule waya. Tulifunga swichi kwenye mpira wa pampu, tukaiunganisha na betri na balbu ya tochi, nikasukuma, na balbu ikazimika palepale. Baba, niligeuka kabisa nikuite. Niligeuka na mdomo wazi.

Basi.

Swichi ilikuwa nzima. Kuna kitu kingine kilichokuwa kinazima injini. Nikauliza swali lako, ambalo ulikuwa unawauliza wote walioleta mashine zao: Jumanne lilifanya kazi siku nzima, tangu hapo nini kimebadilika?

Ambakisye, dereva wa greda, akaanza kuchunguza viatu vyake. Bibi ndiye aliyejibu, huku akimimina chai.

"Hakuna kilichobadilika. Mimi nilimpa tu mkungu wa ndizi Jumanne jioni. Kijana anatulimia barabara, aondoke mikono mitupu?"

"Mkungu wenyewe uko wapi?" Lusajo akauliza.

Ambakisye akasema polepole, "Unaiva."

Ulikuwa unaiva ndani ya greda. Aliufunga kwa majani makavu ya migomba, kama tunavyofanya nyumbani, akauweka nyuma ya kile kimlango kidogo karibu na injini ili upate joto. Alijua hairuhusiwi kubeba mizigo humo, ndiyo maana alinyamaza. Na hapo hapo, Baba, ndipo ilipo ile swichi ya kuzimia injini ukiwa umesimama chini. Greda likirukaruka kwenye mashimo, mkungu unaiegemea. Lusajo alikuwa amefungua upande wa oili siku mbili nzima, upande wa kile kimlango hakuugusa.

Lusajo alikaa chini kwenye matope akacheka mpaka akalia. Kisha akainuka na kumkaripia Ambakisye: "Majani makavu na injini ya moto, kaka? Ulitaka kutuchoma sote?" Bibi akamtetea, "Mwacheni mgeni na ndizi zake." Zilikuwa zimeiva upande mmoja tu, ule wa injini.

Lusajo alirudisha kila waya mahali pake. Kisha akabonyeza ile swichi ya kuzimia makusudi, injini ikazimika. Akaiachia, akawasha, ikawaka tena. Saa tano greda lilikwenda mpaka kona ya kanisa na kurudi. Msimamizi alifika, akalikuta linachonga, akala ndizi mbili za Bibi akiwa amesimama, akamwambia Lusajo kwamba Jumatatu aje asaini mkataba wa kudumu. Lusajo akasema, "Tulikuwa wawili," akaninyooshea kidole chenye grisi.

Jana alikuja nyumbani kumwomba Mama anikubalie nimsaidie karakanani mpaka shule zifunguliwe. Niliogopa. Tangu uondoke, Mama hataki hata harufu ya dizeli humu ndani. Aliingia chumbani, nikajua ni hapana. Akatoka na overoli yako. Mikono ilikuwa imeshakatwa na kukunjwa kwa kipimo changu, na miguu vilevile. Mishono yake ni ile midogo anayoshona kwa mkono jioni. Sijui alianza lini, Baba. Si jana.

Basi pumzika. Kesho asubuhi nitaivaa. Nakuahidi sitairuka swichi yoyote kwa waya, hata mtu akisimama nyuma yangu anatazama saa, na nitauliza kwanza nini kimebadilika.

Mwanao,
Atupele