Bweha Masikio Aliyesimama Juu ya Mwanawe

Mpwa wangu Hamadi,

Huku Serengeti mimi mzima, alhamdulillahi. Jana alasiri nilimwona bweha masikio. Mwili wake mdogo kama paka wa kwetu Konde, lakini masikio, wallahi, ungeshona kofia mbili! Anayatega chini, anawasikia mchwa wakitembea ndani ya ardhi, kisha anafukua na kula. Hata mimi niliwasikia.

Mara tai akakishukia kitoto chake kimoja kilichokuwa mbali na shimo lao. Nikapiga ukelele kama ninavyonadi samaki sokoni Tumbe, tai akatimka mpaka Kenya.

Dereva anayenitembeza mbugani akacheka. "Mzee, tai hata hakukusikia. Aliyemfukuza ni yule baba."

Kweli, dume lile dogo lilikuwa limesimama juu ya mwanawe, manyoya wima, halibanduki. Dereva anasema mama akienda kutafuta chakula, baba ndiye anayebaki na watoto.

Hamadi, hapo sikuwa na la kujisifia. Wanangu watano, sikumpakata hata mmoja, nikisema ni kazi ya wanawake. Wewe umempata wako juzi tu. Mchukue, mkeo alale. Mungu awakuzie.

Mjomba wako, Faki