Supu ya Siku ya Mapumziko

Seoul, 2 Desemba
Mama mpendwa,
Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Januari nafanya mtihani wa uwakili mara ya tano. Tunapewa mara tano ndani ya miaka mitano; ukifeli zote, basi, hufanyi tena mpaka unaingia kaburini. Na hili tumbo nalo! Daktari anasema nitajifungua Februari. Nimeomba niongezewe mwaka, wakanijibu anayeongezewa ni aliyekwenda jeshini tu. Niombee.
Mwanao, Hye-rim

Wando, 9 Desemba
Marahaba, mwanangu. Magoti yapo, yananisengenya tu. Jeshini! Kwani waliotunga sheria hiyo walizaliwa na makamanda? Haya. Nimekutumia mwani mkavu wa supu ya uzazi, lakini ole wako uuguse kabla ya mtihani kwisha. Mwani unateleza, na anayeunywa huteleza na mtihani wake. Mwonye na mumeo. Mjukuu wangu atulie humo humo.
Mama yako

Seoul, Alhamisi, Januari, ujumbe wa simu
Mama, salamu baadaye. Mjukuu hakutulia! Nimefanya mtihani siku mbili, leo ya mapumziko nimejifungua. Msichana, Sol, mzima, sauti kama muuza samaki. Zimebaki siku mbili. Nesi kaniletea supu ya mwani. Nina njaa kali. Ninywe?
Hye-rim

Wando, Alhamisi hiyo hiyo, kwa simu
Kunywa! Bakuli zima, na uongezewe. Mzazi hakai na njaa kwa ajili ya karatasi. Lawama nabeba mimi.
Mama

Wando, 25 Aprili
Mwanangu, u hali gani? Simu hupokei. Mumeo kaniambia umefeli, tena kwa alama chache. Mimi ndiye niliyekwambia unywe. Umehangaika miaka yote hiyo, nikaja kukuharibia kwa supu. Nisamehe.
Mama yako

Seoul, 3 Mei
Mama mpendwa,
Shikamoo. Sikupokea kwa sababu nilikuwa nalia, sikufichi. Lakini supu iache, haina kesi. Ijumaa ile niliingia ukumbini nimeshonwa, nimekalia mto, maziwa yanalowesha blauzi, najibu swali la usawa mbele ya sheria. Hicho ndicho kilichoniangusha. Rafiki niliyesoma naye, wakili sasa, ameipeleka sheria hii ya kuwaongezea waliokwenda jeshini tu Mahakama ya Katiba, na mlalamikaji ni mimi. Jana shauri limepokelewa. Malalamiko yote nimeyaandika mwenyewe, neno kwa neno. Yeye ametia sahihi ya wakili tu, maana mimi siruhusiwi.
Mwanao, Mama Sol