Ukuta Unaopumua

Jumapili, 14 Januari
Msingi wa mawe umekwisha. Kwa mikono yangu! Mikono hii iliyopiga mihuri ofisini miaka ishirini na sita. Mgongo umegoma kunyooka, nikaingia ndani nimeinama. Mke wangu kaniuliza kama naomba msamaha mapema.

Mwenye nyumba katukumbusha tena: mwisho wetu hapa tarehe 30 Machi, kijana wake anaoa. Mke wangu kaweka sharti. Nyumba yangu ikikalika siku hiyo, tunahamia. Isipokalika, tunakwenda chumba cha uani kwa Zege. Zege ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu, na anajenga maghorofa. Kila tukikutana hunigonga begani na kuniita "Mhandisi". Bora nilale juu ya mti.

Jumanne, 23 Januari
Magogo yamefika! Unayakata mafupi, unayalaza kama kuni, vichwa vikitazama nje, katikati udongo uliochanganywa na chokaa na maranda ya mbao. Nimeona yote kwenye video — dakika kumi na mbili tu. Jamaa anasema saruji ni ugonjwa wa roho.

Fundi niliyemwita anisaidie kagonga gogo kwa kucha, kalinusa. "Mzee, mti huu jana ulikuwa na ndege. Uache ukauke mwaka mzima."

Mwaka nautoa wapi? Nikamweleza kwa upole kwamba ukuta wa miti unapumua. Akakubali. Unapumua, alisema, maana haujafa.

Jumamosi, 10 Februari
Ukuta umefika kifuani. Maridadi! Kichwa kimoja chekundu, kingine cha njano, kama vikombe kabatini. Nimepiga picha sitini.

Jirani anayeshona mapazia kaja na beseni.
"Shikamoo, baba. Kuni hizi unauza kwa fungu au kwa mzigo?"
Nikamwambia ni nyumba. Akaitazama, akanitazama mimi.
"Pole."
Fundi kazama nyuma ya rundo la udongo, mabega yanamtikisika.

Jumatatu, 18 Machi
Paa tayari. Mlango tayari. Na jua limefanya kazi yake: magogo yamesinyaa! Udongo umebaki na matundu yake, magogo na wembamba wao mpya, kila mmoja na lake. Nimevuta moja — likatoka kama droo. Nikalirudisha upesi, huku nikiangaza macho kama mwizi. Fundi kaniona. Kuna watu wanajua kunyamaza kwa sauti kubwa.

Nimerudi kwenye video. Dakika ya kumi na moja jamaa anasema, harakaharaka, magogo yawe makavu. Mimi dakika ya tisa nilishaondoka kutafuta shoka.

Jumatano, 27 Machi
Nimeziba nyufa kwa udongo. Umekauka. Umedondoka.

Zege kaja, eti alikuwa anapita tu. Kaingia, kafunga mlango, kaanza kuongea nami nikiwa nje. Namsikia kama yumo mfukoni mwangu.
"Mhandisi! Nakuona!"
Kweli ananiona. Jicho moja, ukutani.
"Shemeji yangu atalala humu na upepo?"
Kaniarifu kuwa chumba cha uani kimeshapakwa rangi. Rangi gani? Ya kijivu. Ya saruji!

Mke wangu sijamwambia. Mezani kauliza nyumba inaendeleaje. Nikajibu ina hewa nzuri.

Jumamosi, 30 Machi
Lori lilikuja saa mbili asubuhi. Mke wangu alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na makochi. Tulipofika akamwambia dereva asishushe kitu kwanza. Akaingia peke yake.

Nikasimama nje. Kupitia ukuta niliona gauni lake likipita ufa mmoja, ufa mwingine, mwingine tena. Likasimama. Gogo mbele yangu likaanza kurudi ndani, taratibu, mpaka likatoka. Pale shimoni ukatokea uso wake.
"Baba. Ulijua?"
"Tangu tarehe kumi na nane."
"Mimi fundi aliniambia tangu Januari. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nikasema nisamehe. Akasema hiyo haizibi upepo.

Akaenda lorini, akafungua sanduku langu la nguo za ofisini. Tai ya bluu ikaingia kwenye ufa wa dirishani. Aliisukuma kwa mwiko wa jikoni. Inaziba! Tai ya mistari. Shati nililoagwa nalo kazini. Suruali ya suti kaipima machoni, kaichana miguu miwili, kila mguu na ufa wake.

Naandika nimekaa juu ya sanduku la vyombo, maana kaniamuru nisiguse kitu. Dereva anapiga honi: tushushe au tugeuze? Zege kapiga simu mara tatu. Nimemwuliza mke wangu, kwa sauti ndogo, kama ndiyo tumehamia. Hakugeuka. Kanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

"Soksi," kasema. "Zote."