Sarafu za Mume Wangu Zimo Kwenye Mapazia ya Kliniki

Mpendwa Shangazi,

Jumapili jioni mume wangu, ambaye ni mbeba mizigo hotelini, alinieleza kwamba mhudumu mmoja wa ndege anayelala pale kila baada ya wiki mbili amekubali kuwabebea wabeba mizigo wote sarafu zao za kigeni, azipeleke benki ya kwao na kuwaletea noti, na kila mtu alete mzigo wake Alhamisi ya wiki ijayo saa tisa alasiri, na hapo ndipo naomba uninusuru, kwa sababu mkebe wa mume wangu hauna sarafu, una vifungo.

Wageni wanapoondoka humwachia sarafu za makwao, zile ndogondogo zinazowasumbua mifukoni, na maduka ya kubadilisha fedha hayazitaki, yanataka noti tu, kwa hiyo kwa miaka sita amekuwa akizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, na kila mwisho wa mwezi huushusha, akautikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, akaurudisha. Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea sebuleni. Mwaka juzi nilishona ya chumba cha kusubiria wagonjwa katika kliniki, madirisha kumi na moja, kitambaa chepesi kupita kiasi, na feni zilipowashwa mapazia yakapaa yakawafunika wagonjwa vichwa, mzee mmoja akauliza kama ndiyo tayari ameshakufa, na msimamizi akaniambia hapokei kazi mpaka yatulie, nami vyuma vya kuwekea uzito kwenye pindo vilikuwa vimeniishia, mwenye duka kasafiri, nikauona mkebe ule kule juu, nikasema moyoni nitaazima nane tu, nikaazima themanini na nane.

Yalitulia, Shangazi, yalitulia hata msimamizi akawaita wenzake waje kuona, na baada ya hapo akaja mwenye saluni, akaja mwalimu mkuu, kila mmoja anataka yatulie kama ya kliniki, na mimi kila mara naazima, mkebe ukipungua najaza vifungo, nikaona vifungo ni vyepesi nikaongeza bobini za chuma za cherehani na mkasi uliovunjika, juu nikatandaza sarafu kidogo ili akifunua azione.

Sasa amewatangazia wenzake kwamba mkebe wake ndio mzito kuliko yote, na kweli ni mzito, nao wanamwita Waziri wa Fedha za Kigeni, na mmoja ameapa kwamba ikiwa ni maneno matupu Waziri atawapandishia masanduku mwezi mzima. "Mama watoto, usiuguse ule mkebe," ameniambia, "nataka niufungue mwenyewe mbele yao." Mume wangu si mkali, angekuwa mkali ningejua pa kujificha, ni mtu anayeniamini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Je, niende kliniki nijifanye nataka kuyafua mapazia, nifumue kimyakimya na kuzirudisha, au niseme tumeibiwa? Maji yamenifika shingoni.

Fundi wa mapazia

*

Mwanangu fundi,

Mwizi mwache apumzike. Mwizi gani anaingia nyumbani kwa watu, anaiba sarafu, kisha anaacha vifungo na mkasi?

Nimecheka, sikufichi, halafu nikashika simu. Nimeuliza maduka matatu ya kubadilisha fedha na yote yamenijibu kama ulivyoandika: sarafu za kigeni hayapokei. Mwenye duka la tatu aliniuliza kama ninamjua mtu anayezitaka, maana yeye ana ndoo nzima nyuma ya kaunta na hajui aitupe wapi. Kwa hiyo kuzitumia kutuliza mapazia haikuwa akili mbaya. Ungemwambia mumeo siku ile ile, angejivunia akili yako kazini.

Kosa lako ni vifungo. Sarafu ulizichukua kwa haraka, feni zinavuma na msimamizi amekusimamia. Vifungo uliviweka kwa nafasi, na bobini, na mkasi, na juu ukatandaza vizuri kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Mwenzio kila mwisho wa mwezi anatikisa uongo wako sikioni na anaridhika. Ukisema leo, utapata aibu ya nusu saa jikoni kwako. Usiposema, yeye ataumbuka mbele ya watu anaofanya nao kazi kila siku, na hatakuwa na hata neno la kujitetea, kwa kuwa hajui lolote.

Usifumue kwa siri. Mapazia ya kliniki, ya saluni, ya shule, yote kwa siku chache, na mumeo asione? Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshaitembea karibu yote.

Tena kazi yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Nimezungumza na keshia mstaafu wa benki. Anasema mhudumu huyo anaweza kubadilisha sarafu za nchi yake tu. Za kwingine kwake ni vyuma kama kwako. Nyingine zimeshaondolewa kwenye matumizi na hazipokelewi hata kwao. Mumeo akuonyeshe sarafu moja ya nchi hiyo, ndizo mtakazotafuta.

Lakini kabla ya hapo, ipitishe ile sumaku yako ya kuokotea pini kwenye pindo. Sarafu inayonasa ina chuma ndani, na chuma kikilowa kinatoa kutu. Siku kliniki watakapofua, msimamizi aliyekusifu atakuita tena, safari hii kwa madoa. Zinazonasa zitoe zote, ziwe za nchi yoyote. Mahali pake weka ule mnyororo wa uzito unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vitambaa, kwa gharama yako, na umweleze msimamizi sababu. Fundi anayerudia kazi yake kabla ya kuitwa hapotezi mteja.

Kwa mumeo, ushushe mkebe wewe, umpe, afungue mezani. Usitangulize feni wala mzee wala mwenye duka aliyesafiri. Sema hivi: "Nilizichukua mimi, nikaweka vifungo ili usijue." Kisha nyamaza. Atafoka, au atacheka, au atatoka nje akazunguke mtaa. Yote ni haki yake. Akirudi, mwombe akashike ngazi kliniki. Wenzake atawaambia nini, hilo ni juu yake. Usimtungie.

Majibu haya nakutumia leo Alhamisi, wiki moja kabla ya ile ya mhudumu, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, kabla hayajachapwa. Sababu ni moja. Gazeti hili hufika kwenye meza za mapokezi za hoteli Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi, na anayelipokea mlangoni huwa ni mbeba mizigo. Ukurasa wangu unakwenda mtamboni kesho, Ijumaa, saa kumi jioni.

Shangazi