Jiko la Nyumba ya Magogo

Jumamosi, Agosti 2006

Nyumba ya magogo tuliyoenda kuiona leo ni nzuri, siwezi kukataa. Mume wangu, anayetaka tujenge kama hiyo, aliyapapasa magogo kana kwamba ni ng'ombe wa maziwa anayetaka kumnunua. Mwenye nyumba, mama mpole wa huko Loresho, alisema kila mwaka lazima apige dawa ya mchwa, na mvua ikinyesha anazunguka akitafuta nyufa. Hayo ningevumilia.

Lakini chai yetu ilitoka nje, kwenye kijumba cha mawe. "Kuwasha moto humu ndani? Naogopa," akasema.

Hapa Waithaka nimepikia nje tangu niolewe, nikingoja hiyo nyumba yetu.

Tukirudi, mume wangu akaniuliza, "Si umeona ile sebule?"

"Nimeona jikoni, Baba Njeri."