Mchikichi wa Ipuli

Mama,

Mchikichi wako bado umesimama uani hapa Ipuli, na bado hauzai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, baba mdogo aliomba yeyote uliyemkosea akusamehe. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Dirishani nilimwona jirani yetu, Bi Zuhura, ameketi peke yake upande wake wa ua, mtandio kichwani. Hakuja. Alijua usingemtaka.

Sababu naikumbuka. Mti ulipotoa maua mara ya kwanza, alisimama uani kwetu akasema, "Mti huu utalisha mtaa mzima." Hakusema mashaallah. Maua yakanyauka, na ya mwaka uliofuata pia, ukaamua ni jicho lake. Miaka kumi na moja mkapishana hapo nje bila salamu, wewe na ndoo yako ya kumwagilia.

Baada ya arobaini nilipanda treni hapa Tabora kwenda kwenu Ujiji, kuwapelekea ndugu kanga zako. Kaka yako alinitembeza shambani. Michikichi yake imebeba mikungu mizito, na hakuna anayeimwagilia. Nikamweleza habari za wako. Akaniuliza mvua ya Tabora hukatika mwezi gani, hurudi lini, na kama midomo hutupasuka kwa baridi kavu ya mwezi wa saba. Nikamjibu. Akasema huko kwao ziwa huipa hewa unyevunyevu hata kiangazi. Mchikichi ukikaa na ukavu miezi mingi hivyo, hutoa maua dume tu, na dume hayazai. Ndoo haibadilishi hewa.

"Dada alitaka kuinywesha Tabora nzima," alisema.

Kurudi, nilikaa dirishani nikihesabu michikichi hadi ikaisha. Ikabaki miyombo, imepukutisha majani, inangoja mvua. Misafara ya zamani ilipita huku kwa miguu, na nadhani hukuwa wa kwanza kubeba mche kutoka Ujiji ndani ya kopo. Hakuna aliyeutupia jicho, Mama. Ni ukavu tu. Nilikukasirikia kuanzia hapo mpaka stesheni ya Tabora, na nilikukumbuka vilevile.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Zuhura. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa niaba yako. Aliendelea kuchambua mchele.

"Nilimsamehe zamani," akasema. "Nilichokosa ni salamu yake."

Kisha akaomba kuuona mti. Hakuwa ameingia uani kwetu tangu siku ile. Akaushika shina, akaangalia juu kwenye yale maua dume makavu, akasema mashaallah. Akarudia, taratibu, kama anayelipa. Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Siukati. Utabaki kivuli cha kuoshea vyombo. Ndoo yako nimeipeleka bafuni.

Lala salama, Mama. Nakuahidi hili moja: kila asubuhi, nikishamwamkia Bi Zuhura, nitampa na salamu yako. Jana nilimpa. Aliitikia kwa kulitaja jina lako, kana kwamba umemsalimu mwenyewe.

Mwanao,
Mwajuma